Mama Samansi, Tarishi wa Mahakama na Mwanzilishi wa Kikao cha Mlango

Wazazi wetu mliokaa mbele, majirani, mheshimiwa hakimu na watumishi wote wa mahakama, na nyinyi matarishi mliosimama kule nyuma karibu na geti ingawa viti vipo, familia imemteua mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, fundi wa kuchomelea vyuma, awasomee maisha ya dada yake, na kabla hajaanza anaomba radhi kwa mambo mawili, kwamba historia hii ina damu nyingi kuliko mlizozoea kusikia kwenye misiba, na kwamba mahali fulani ndani yake msomaji mwenyewe anatajwa kwa ubaya, basi mkifika hapo mumvumilie.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 11 Agosti 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake mchoma matofali na mama yake mshona magodoro. Alizaliwa akitanguliza miguu, na mama alikuwa akisema kwamba huyu alikuja duniani akiwa tayari amesimama. Baba yetu alikuwa mchapakazi na alikuwa na mkono mzito, na kwa kuwa naye sasa ni marehemu hatutasema mengi, ila hili moja haliwezi kuachwa, kwamba Jumamosi ya tarehe 19 Aprili 1986 alirudi kazini amekunja uso, akakuta kitinda mimba wake wa miaka sita ameangusha redio, akainua kibao cha kufyatulia matofali, na marehemu, aliyekuwa na miaka kumi na moja, akaingia katikati. Kibao kilimpata sikio la kushoto. Alibaki amesimama, damu ikimtiririka hadi kwenye kola, akamuuliza baba, "Umemaliza?" na baba akatoka nje. Sikio lile halikusikia tena mpaka tarehe aliyofariki, na mtoto aliyeangusha redio ndiye anayewasomea.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na reli kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1989 hadi 1992, ambako alijulikana kwa mbio ndefu na kwa kichwa kigumu. Mwezi Juni 1991 alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kumpiga kiranja kwa ubao wa kuchorea, kiranja ambaye alikuwa na tabia ya kuwavuta nywele wasichana wa kidato cha kwanza hadi walie, na shule ilipompa barua ya kumpelekea baba, wenzake walimshauri aichane na kukaa kwa shangazi mpaka mambo yapoe, lakini yeye aliipeleka moja kwa moja kiwandani, akasubiri baba aoshe mikono, akamkabidhi, akamwonyesha pa kutia sahihi. Sisi nyumbani tunaihesabu ile kuwa samansi yake ya kwanza. Baada ya sekondari alisomea upigaji chapa kwa mwaka mmoja, akafanya kazi kwa mpiga picha mmoja hadi mwishoni mwa 1996.

Tarehe 3 Februari 1997 aliajiriwa mahakamani kama mpiga chapa, kazi ya kukaa, kazi ya kivulini, na mama alifurahi sana. Furaha hiyo ilidumu wiki kumi. Jumatatu ya tarehe 14 Aprili mwaka huo huo, tarishi wa mahakama, mzee aliyekaribia kustaafu, alirudi kutoka kazini akiwa amekatwa panga la mkono, akakaa kwenye benchi la korido huku damu ikidondoka juu ya karatasi alizokuwa hajazipeleka, na karani alipouliza nani atazimalizia, kila mtu alikumbuka kazi aliyokuwa ameiacha mezani. Marehemu alisimama, akazipangusa zile karatasi kwa kanga yake, akatoka. Hakuirudia ile mashine ya chapa.

Kwa wasioijua kazi hii, tarishi wa mahakama ndiye anayekuletea samansi, ndiye anayebisha hodi kwako ukiwa umetulia na kukupa karatasi inayokuita kortini, au inayokukataza kulima shamba fulani, au kumkaribia mtu fulani, na kwa kuwa hakimu yuko mbali na mshitaki wako hayupo, hasira zote zinamwangukia aliye mlangoni. Sharti umkute mtu mwenyewe, umuulize jina, umkabidhi mkononi, na akikataa kupokea unaiweka karatasi miguuni pake, unatamka kwa sauti "Umepokea," kisha unarudi kula kiapo mbele ya hakimu kwamba ilikuwa siku fulani, saa fulani, na mtu alikuwa yule yule. Wapo matarishi wanaokaa kwenye kibanda cha chai, wakawatilia sahihi watu wasiowahi kuwaona, wakaenda kuapa, na wenyewe huita mchezo huo samansi ya kibandani. Marehemu aliuchukia kuliko kitu chochote, alikuwa akisema mtu anaweza kupoteza nyumba yake kwa sababu wewe ulikuwa na kiu, na kwa miaka ishirini na sita hakuna kiapo chake kilichowahi kupingwa.

Alilipia msimamo huo kwa mwili wake. Mwaka 1998 mbwa alimnyofoa nyama ya mguu wa kulia, mwaka 2003 alisukumwa kwenye ngazi za ghorofa akavunjika mtulinga, mwaka 2006 mwalimu mmoja mstaafu alimpiga kwa mwavuli, akamwomba msamaha kwa Kiswahili fasaha kabisa, kisha akasoma ile samansi hadi mwisho na kumpiga tena. Hili la mwalimu alikuwa akilisimulia mwenyewe huku akicheka mpaka machozi, na mumewe akiwa amekaa pembeni hacheki.

Mumewe, mwokaji mikate mnayemwona pale na shati la kijivu, naye alimpata kwa njia hiyo hiyo ya samansi, maana alikuwa shahidi katika kesi ya majirani waliopigana kwa majembe, na siku marehemu alipompelekea wito, mwezi Machi 1999, alifungua mlango mikono imejaa unga, akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akasema asante, akamletea maji ya kunywa. Marehemu alidhani hajaelewa, akamsomea tena polepole, na yule bwana akasema ameelewa, ila ameona mgeni ana kiu. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 18 Desemba 1999, mama mkwe akawaambia wageni kwamba mwanawe ameoa ugomvi, na miaka ishirini baadaye mama mkwe huyo huyo alikuwa hataki kuoshwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa mkwe wake. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 5 Mei 2001, ambaye sasa ni mwalimu, kijana aliyezaliwa tarehe 16 Oktoba 2004, anayesomea ufundi umeme, na binti wa mwisho aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2009, ambaye leo ameomba asitajwe zaidi ya hapo.

Sasa tunafika kwenye lile ambalo wengi wenu mnamkumbuka kwalo. Jumatano ya tarehe 22 Septemba 2010, saa tatu asubuhi, marehemu alibisha hodi kwenye nyumba moja ya ghorofa nyuma ya soko, dirisha la juu likafunguliwa, akamwagiwa birika zima la maji yanayochemka. Ngozi ya bega na shingo ilitoka pamoja na blauzi. Siku ya nane ya matibabu, akiwa kwenye chumba cha kufunga vidonda, alikaa karibu na mwanamume mwembamba ambaye taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya, hawezi kusema, anaandika kwenye daftari la shule, na kwa kuandikiana wakagundua kwamba huyo naye ni tarishi, wa mahakama ya ng'ambo ya mto, na kwamba lile taya lilivunjwa mwezi Juni kwa mchi uliorushwa kutoka nyumba ile ile, dirisha lile lile. Marehemu alimwandikia, "Mbona hukuniambia?" na yule akaandika, "Nikuambie wewe nani?" Karatasi hiyo ipo, tumeikuta juzi ndani ya sanduku lake.

Alitoka pale hospitalini damu inamchemka. Alihesabu mahakama zote zinazofikika kwa basi, zilikuwa saba, na katika kila moja palikuwa na tarishi mmoja au wawili, kila mmoja anang'atwa na mbwa wake peke yake, kila mmoja anadhani hakuna mwingine duniani mwenye kazi kama yake. Akaamua kuwakusanya. Aliwaandikia barua za mwaliko, akazipiga chapa, akazitia kwenye bahasha za kaki na kuzipeleka mwenyewe nyumbani kwao, na hapo akafanya kosa ambalo tarishi pekee anaweza kulifanya, kwani wale watu waliona mwanamke amesimama mlangoni kwa ubavu, bahasha ya kaki mkononi, anawauliza majina yao kamili. Mmoja aliruka ukuta wa nyuma na kutoka nduki. Mwingine alimtuma mke aseme baba amesafiri, huku miguu yake ikionekana chini ya pazia. Wa tatu alikataa kupokea, akarudishiwa mchezo wake, barua ikawekwa miguuni na kuambiwa umepokea. Kati ya kumi na moja waliopelekewa, kikao cha kwanza cha Jumamosi ya tarehe 27 Novemba 2010 kilihudhuriwa na wanne, akiwemo yule mwembamba wa taya, ambaye tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lingine zaidi ya Taya.

Walikutana kwenye banda la kuokea mikate, saa nane mchana, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hapakuwa na mwenyekiti wala katiba, na karani mkuu alipomwita marehemu na kumuuliza kwa ukali uongozi wa chama chake ni upi, alijibu kwamba hakuna uongozi, kuna mlango. Ulikuwa mlango wa zamani wa mbao uliosimamishwa kwa magunia ya unga, mmoja anakaa upande wa ndani kama mwenye nyumba mwenye hasira, mwingine anabisha hodi, na wengine wanatazama na kusahihisha, simama upande wa bawaba, usiipe ngazi mgongo, toa karatasi kwa mkono usioutumia kuandikia, geuka ubavu. Walipigana kweli kweli. Taya, ambaye nje ya banda lile hawezi kumfukuza kuku, siku moja aliigiza mwenye nyumba kwa bidii mpaka akampasua marehemu mdomo, akataka kulia, na marehemu akatema damu kwenye kitambaa na kumwambia, "Vizuri, sasa nimeona nilipokosea, rudia." Mume wake alikuwa akisema hajawahi kuona watu wazima wanaogombana na mlango kwa furaha namna ile.

Walikuwa na daftari walilolijaza mitaa na nyumba, wapi kuna mbwa, wapi kuna dirisha la kuogopa, nani hutoka na panga na nani hutoka na matusi tu. Walikuwa pia na desturi mbili. Ya kwanza waliita kupokezana, maana yake mlango uliokwisha kuijua sura yako na kukuumiza wewe huurudii tena, mwenzako anaichukua karatasi yako. Ya pili ilikuwa neno, yaani kwenye mlango mbaya mnakwenda wawili, mmoja anabisha na mwingine anasubiri kwenye kona, na aliyebisha akishatoka nje salama ndipo anatuma kwa simu neno moja, "Imepokelewa," na robo saa ikipita neno halijafika, yule wa kwenye kona anaingia. Mtu aliyetuma neno kabla ya kutoka, kwa uvivu au kwa kujitapa, alisimamishwa mbele ya mlango na kupigwa na wote kwa magunia matupu mpaka awe mweupe, na marehemu ndiye alikuwa akipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu aliona kutuma neno mapema ni ndugu yake samansi ya kibandani. Kikao kilikua hadi watu ishirini na watatu, na kuanzia mwaka 2012 hadi 2021 hakuna mwanakikao aliyelazwa hospitali kwa sababu ya kazi, jambo ambalo hakimu aliyekaa hapa anaweza kulithibitisha.

Tarehe 14 Machi 2022 ndipo Taya alipopeleka samansi kwa mwenye gereji mmoja aliyeshitakiwa na mke wake kwa kumpiga, akavunjwa mbavu mbili kwa mpini wa jeki, na mwenye gereji akamwambia akirudi atamzika kwenye shimo la kukagulia magari. Kesi ilisuasua zaidi ya mwaka, yule mama akavunjwa mkono, akavunjwa tena, na mwezi Mei mwaka huu mahakama ikatoa amri kwamba mumewe ahame nyumba na asimkaribie, amri ambayo haina nguvu mpaka aliyeamriwa aipokee. Kwenye kikao cha Jumamosi ya tarehe 27 Mei 2023 Taya aliiweka karatasi hiyo juu ya gunia la unga, akaeleza ni ya mlango gani, na kabla mtu mwingine hajafungua mdomo marehemu alikwisha kuitia kwenye mkoba wake. Taya akasema basi yeye ndiye atakayesubiri kwenye kona, hakubali mwingine, na marehemu akakubali.

Mwanasheria ametuonya tusiseme mengi kwa kuwa walioko rumande bado hawajahukumiwa, nasi tutasema yale yaliyokwisha kuapiwa. Jumanne ya tarehe 6 Juni 2023, saa nne na dakika nne asubuhi, Taya akiwa kwenye kona, simu yake ilipokea neno, "Imepokelewa," na chini yake ujumbe wa pili uliomtaka awahi kumwambia karani, yeye marehemu atapitia sokoni. Taya alikwenda kwa karani, akaripoti, akaenda kunywa chai. Saa nne na dakika ishirini na tano marehemu aliingia gereji. Mwenye gereji alitoka chini ya gari, akaulizwa jina, akatukana, akakataa kupokea, na mbele ya mafundi watatu marehemu aliiweka karatasi miguuni pake juu ya sakafu na kutamka, "Umepokea." Aligeuka ubavu kama alivyowafundisha wenzake. Pigo la kwanza lilimpata upande wa sikio lisilosikia, la pili lilivunja mkono aliouinua, akaanguka, mdogo wake mwenye gereji akaja na spana kubwa, wakaendelea wawili mpaka mpini wa jeki ukapinda, kisha wakamsukumia kwenye shimo na kuegesha gari juu yake. Alikaa mle zaidi ya saa moja na nusu, hadi fundi mmoja alipopiga moyo konde na kukimbilia polisi.

Madaktari walituambia bila kumung'unya maneno kwamba angefikishwa mapema ingewezekana kumwokoa, na hapa ndipo jina la msomaji linapoingia. Mchana ule, kwenye korido ya wodi ya upasuaji, mdogo wake marehemu alimkuta Taya amesimama na mkoba wa dada yake mikononi, akamuuliza alikuwa wapi, na Taya akasema ukweli, kwamba alikuwa kibandani anakunywa chai, kwani neno lilikuwa limefika. Mdogo wake akampiga ngumi ya taya. Mtu aliyefundishwa kwa miaka kumi na miwili namna ya kusimama ili asipigwe alisimama ametazama mbele, mikono chini, akapigwa ya pili, meno yakamkata ndani ya kinywa, damu ikamwagika juu ya mkoba. Mdogo wake huyo alikwenda kwa askari wa geti na kuagiza kwamba tarishi yeyote asiruhusiwe kuingia, akawaambia wazazi na jamaa kwamba kikao kile ndicho kilichomuua dada, na wengi wenu mliokaa hapa mmelisikia neno hilo kutoka kwake, na mmelirudia.

Alhamisi ya tarehe 8 Juni marehemu alipata fahamu. Karani alikuja na fomu ya kiapo, kwa sababu bila kiapo amri isingeshika, akamsomea aliyokuwa ameandika, kwamba karatasi ilipokelewa saa nne na dakika nne, kama Taya alivyoripoti. Marehemu, ambaye alikuwa na mshono kutoka kwenye paji hadi kisogoni na hakuweza kuinua kichwa, alikataa kutia sahihi. Alisema saa si hiyo, ni saa nne na dakika ishirini na tano, aifute aandike upya, na karani akafuta. Mdogo wake akamuuliza sasa ile ya dakika nne ilikuwa nini, naye akasema, "Nilituma kabla. Ningechelewa kidogo Taya angeingia, na yeye wangemuua." Kwa hiyo ndugu waombolezaji, familia inaweka bayana mbele yenu wote kwamba Taya hakumwacha marehemu, marehemu ndiye aliyemfukuza pale kwenye kona, kwa hila, kwa neno alilolitunga mwenyewe na kuliharamisha mwenyewe, ili mtu mmoja afe badala ya wawili. Ile amri imeshika. Yule mama yuko nyumbani kwake na watoto wake, amefika hapa leo, mkono bado umefungwa.

Baada ya kutia sahihi kwa kidole marehemu aliuliza, "Taya amefika?" na mdogo wake akamjibu, "Yuko njiani, dada." Hakuwa njiani. Alikuwa amekaa nje ya geti juu ya jiwe, hatua hamsini kutoka kitandani, pamoja na matarishi wengine ishirini na mmoja, taya limevimba kwa kazi ya mkono wa huyo huyo aliyekuwa akijibu. Kilichohitajika ni kutoka nje na kusema neno moja kwa askari. Mdogo wake aliona haya, akasema moyoni kesho. Ijumaa dada aliuliza tena, akajibiwa yuko njiani. Jumamosi aliuliza mara mbili. Jumapili asubuhi aliuliza kwa sauti ambayo ilibidi mtu ainame aisikie, akajibiwa vile vile, akasema basi watamsubiri, na Jumapili hiyo, tarehe 11 Juni 2023, saa tisa alasiri, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na minane na miezi kumi kamili, bado anasubiri. Haya familia haikuyajua, imeyajua jana wakati historia hii ikiandikwa, binti wa kwanza alitaka yafutwe, na msomaji amekataa, kwa kuwa dada yake asingekubali kiapo chenye saa ya uongo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, hasa muuguzi mfupi wa zamu ya asubuhi aliyemchana nywele zilizobaki, inawashukuru majirani waliooka mkate wiki hii nzima ili mtaa usikose na mfiwa apumzike, inamshukuru fundi wa gereji aliyekimbilia polisi akijua anamwaga unga wake, inamshukuru mheshimiwa hakimu na watumishi wa mahakama, na inawashukuru wanakikao wote ishirini na wawili, mliokaa kwenye jua nje ya lile geti siku nne bila kuambiwa karibu, na leo mmekuja tena na mmesimama nyuma mkidhani hamtakiwi. Kikao cha Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kipo, banda ni lile lile, mwokaji amesema hivyo mwenyewe na amemwomba msomaji alisome kama alivyolisema, kwamba yeyote atakayesema kikao kimekufa aje amwambie yeye uso kwa uso.

Mdogo wake marehemu ni mimi, na hapa naomba niache kujificha nyuma ya neno msomaji. Jeneza lina mikono sita, watano wameshapangwa, na ule wa mbele upande wa kulia hatukumpa mtu. Taya, kaka yangu, nilikupiga na hukuwa na kosa, na nilikunyima mtu aliyekuwa akikuulizia kwa siku nne, hilo siwezi kulirudisha na sitarajii unisamehe mbele ya watu kwa sababu tu watu wapo. Nakuomba upite mbele ushike mkono huo. Wote mliosimama njiani mpisheni, na kwenye karatasi hii nimejiandikia kwamba hapa ninyamaze mpaka afike, hata akichukua muda.

Dada, Taya amefika, sasa pumzika kwa amani.